Prodyuza Asiyejitaja

"Mjomba, mbona maprodyuza wote wanajitaja mwanzoni mwa wimbo, wewe hujitaji?"

Aneth alikuwa na miaka kumi alipouliza hivyo. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa studio, maganda ya karanga yamemjaa mapajani. Nazari, mjomba wake, alikuwa ameinamia kinanda wala hakugeuka.

"Wanajitajaje?"

"Si wanasema! Wimbo haujaanza hata kidogo, unasikia sauti: fulani kwenye mashine! Ndipo ngoma inaingia. Wewe yako inaingia tu, kama mtu asiyepiga hodi."

Nazari alichekea puani. "Nenda kamwulize mama yako chai imefikia wapi."

Hilo halikuwa jibu, na Aneth alilijua hilo. Lakini mjomba akikutuma chai unakwenda.

Studio yenyewe ni chumba cha uani pale Mlabani, Ifakara, nyuma ya duka la vitenge la Mzee Abdul. Kuta zimebandikwa trei za mayai na vipande vya godoro ili mwangwi usirudi, na mlango una blanketi zito linaloteremshwa mtu akianza kuimba. Wakati wa joto chumba kile ni tanuri. Mwimbaji anaingia amenyoosha shati, anatoka kama aliyevuka mto. Hata hivyo watu wanakuja, kutoka Idete, kutoka Mang'ula, kutoka Mlimba, na wote wanakuja kwa sababu moja. Wanataka ile sauti ya Naza, ndivyo wanavyomwita Nazari.

Mtoto wa juzi akiisikia mara ya kwanza hudhani spika imeharibika. Mtu mzima akiisikia husimama njiani, mfuko wa nyanya mkononi, akatafuta inatokea wapi.

Inatoka kwenye kinanda kilichotengenezwa kabla Nazari hajazaliwa. Ndani yake mna fidla zisizofanana na fidla yoyote ya duniani, tarumbeta zinazolia kama zimefungiwa kabatini, na ngoma yenye kofi zito, pwaa, kama mtu anayetua gunia la mpunga sakafuni. Miaka ya themanini mambo ya kisasa yalisikika hivyo. Pembeni kuna kigurudumu cha kupandisha na kushusha sauti, nacho kililegea siku nyingi. Kwa hiyo noti ikishikwa ndefu, mwishoni inazama kidogo, kama mtu aliyekuwa amesimama akaamua kukaa.

Hiyo ni mashine. Kuna na mkono. Kabla ya kiitikio, kidole gumba cha Nazari huteleza juu ya vibao kutoka sauti nene mpaka nyembamba, krrrii, kisha kinanda kinanyamaza pigo zima. Pigo zima, jamani! Wachezaji wanabaki mguu mmoja juu. Halafu ndipo anarudi, amechelewa kidogo tu, na watu wanapiga kelele kwa kufurahi kwamba amerudi.

Vijana wa Ifakara wanasema Naza ndiye aliyebuni mtindo huo. Nazari hajawahi kukubali wala kukataa. Mkono ule ni wa baba yake.

Mzee Stanislaus alikuwa mpiga kinanda wa Miwa Sound, bendi ya wafanyakazi wa mashamba ya miwa kule Kidatu. Mchana alikuwa kwenye miwa pamoja na watu wa kila mkoa, Wahehe, Wasukuma, Wangoni, Wapogoro wenzake. Jumamosi alivaa suruali pana na shati la kola ndefu, akawapigia wote hao muziki mmoja. Bendi ilipovunjika alirudi Ifakara na kinanda chake. Akawakusanya wenzake watatu waliobaki, wakawa wanapiga kwenye harusi.

Harusi ya Idete ilikuwa mwaka elfu mbili na nne. Nazari alikuwa na miaka kumi na sita na kazi yake ilikuwa ndogo, kuweka CD za siku hizi wakati wazee wanakula. Lakini siku ile marafiki zake walikuwepo, na wasichana wa shule walikuwepo, na wazee walipoanza tena kupiga, kijana mmoja akamwuliza Nazari kwa sauti ya watu wote, "Oya, baba yako atamaliza lini kutuombolezea?"

Nazari akacheka. Alipomaliza kucheka aliinuka, akaenda nyuma ya kinanda, akauchomoa waya. Baba yake akabaki anabonyeza vibao visivyotoa kitu. Nazari akachukua maikrofoni.

"Wazee, asanteni sana," akasema. "Muziki wa makaburini umeishia hapo. Sasa waje walio hai."

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Hata bwana harusi alicheka. Mzee Stanislaus aliukunja waya wake taratibu, duara juu ya duara, akakifunika kinanda kwa kanga ya mkewe, akaenda kukaa na wapishi.

Wiki tatu baadaye alisema anakwenda Mlimba kuonana na mpiga gitaa wake wa zamani. Alipanda treni bila mzigo. Hakurudi.

Walimtafuta Mlimba. Mpiga gitaa alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Wengine wakasema alionekana Makambako, wengine Mbeya, na baadaye hakuna aliyesema kitu. Mama yake Nazari, Mama Tekla, hakuwahi kupiga kelele. Alichosema alikisema mara moja tu, akipepeta mchele uani, macho kwenye ungo.

"Ulichomoa waya ule, na mtu akatoka nao."

Alifariki mwaka elfu mbili na kumi na tatu, akiwa bado anamtengea mumewe kiti siku za sikukuu.

Wakati huo Nazari alikuwa na studio tayari. Alianza mwaka elfu mbili na kumi akiwa na kompyuta ya kuazima na biti kama za watu wengine, na watu walimwambia hivyo hivyo, "Biti zako kama za wengine." Siku moja alikivuta kinanda kutoka uvunguni, akakifuta vumbi, akakiwasha akitegemea hakitawaka. Kikawaka. Akaweka vidole. Mkono wa baba yake ukatoka wenyewe, maana alikua akiuangalia kila siku, tangu kimo chake kikiwa cha meza.

Alilia pale pale, halafu akabonyeza kitufe cha kurekodi.

Tangu hapo hakuna wimbo uliotoka katika chumba kile bila fidla zile, kofi lile, kidole gumba kile na kile kimya cha pigo zima. Nazari alikuwa na jambo moja tu kichwani. Baba ni mwanamuziki, na mwanamuziki hawezi kukaa bila redio. Popote alipo atasikia. Akisikia atajua ni nani, maana ni nani mwingine duniani aliyekaa karibu na ule mkono miaka yote ile? Atajua kwamba mwanawe anamwomba radhi, tena hadharani, kama alivyomtukana hadharani. Atarudi, au atatuma hata neno.

Ndiyo maana hakujitaja. Mtu anajitaja kwa mgeni. Baba si mgeni.

Wenzake hawakumwelewa hata kidogo, na aliyemsumbua zaidi alikuwa Zubeiri, mtoto wa mwenye duka la sabuni na mafuta barabarani, kijana mwembamba mwenye sauti tamu na mdomo usiopumzika.

"Kaka Naza, weka jina bwana! Watu wanadhani biti zangu zinadondoka na mvua."

"Waache wadhani."

"Mimi mwenyewe nikiulizwa nasema nini? Kuna jamaa kule uani, ana trei za mayai?"

"Sema hivyo hivyo."

"Basi mimi nitakutaja kwa kukuimba. Naaaza, wa Mlabaaani..."

"Ukinitaja naifuta." Na aliifuta kweli. Zubeiri alinuna siku mbili, ya tatu akarudi na chapati.

Miaka kumi na mmoja ilipita hivyo. Nyimbo zikatoka, redio ya pale mjini ikazipiga, harusi zikazicheza mpaka vumbi likawa mawingu. Kila mara wimbo mpya ulipoanza kupigwa, Nazari alikuwa akienda kusimama mlangoni kwa muda, mikono mfukoni, akiangalia upande wa stesheni. Dada yake Brigitha, mama yake Aneth, alikuwa akimwona na kugeuza uso.

Halafu mwaka elfu mbili ishirini na moja ikaja kwaya kutoka Uchindile, juu kule milimani kwenye misitu ya kupandwa, kurekodi nyimbo za Pasaka. Mwalimu wao aliitwa Nikodemu, mtu mpole mwenye koti kubwa kuliko yeye. Walipokuwa wakipumzika, Nazari akawa anapapasa kinanda ovyo ovyo. Mwalimu Nikodemu akaacha kutafuna.

"Rudia hapo."

Nazari akarudia. Kidole gumba, kimya, kurudi.

"Huu mkono naujua," akasema Nikodemu. "Kule kwetu kuna mzee anatupigia kinanda kanisani. Tumemkataza mara ngapi asiteleze hicho kidole katikati ya wimbo wa Mtakatifu! Anasema, sawa mwalimu. Jumapili inayofuata, krrrii."

"Anaitwaje?"

"Sisi tunamwita Mzee Miwa. Jina lenyewe ni Stanislaus."

Nazari aliomba radhi, akatoka nje, akasimama nyuma ya choo.

Alipanda treni wiki hiyo hiyo na shati lake la mikono mifupi, na Uchindile ikampokea kwa ukungu na baridi ya kung'ata masikio. Nyumba aliyoelekezwa ilikuwa na mama mmoja mlangoni, akichambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe umetoka bondeni, hujui hata sweta." Akamtazama kwa muda. Mikono yake ikasimama kwenye ungo. "Mimi ni Odilia. Yuko kitaluni. Nenda tu, mwanangu, alishasema iko siku mtakuja."

Kwa hiyo alikuwa na mke. Nazari alibeba hilo nalo mpaka kitaluni.

Mzee alikuwa amekaa kwenye gogo akijaza udongo kwenye viriba vya miche ya misonobari. Amekonda, mvi kichwa kizima, lakini vidole ni vile vile, virefu, vinavyotembea peke yao.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akainua macho. Hakushtuka. "Nazari. Umenenepa."

"Ni mikono ya Brigitha."

"Mama yako?"

"Alitutoka. Mwaka wa kumi na tatu."

"Nilisikia," akasema mzee, akakigongagonga kiriba ili udongo ukae. "Nilichelewa kusikia."

Nazari alikuwa na hotuba nzima aliyoipanga tangu Ifakara. Yote ilitoweka, likabaki neno moja.

"Baba, ile siku ya Idete..."

"Ngoja kwanza. Saa sita inakaribia."

Mzee akajifuta mikono, akachukua redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, akaanza kupanda kilima. Nazari akamfuata. Huko juu kulikuwa na kisiki kikubwa, na mzee akaiweka redio pale kwa uangalifu, akaigeuza kidogo, akaigeuza tena. Ni pale tu, alisema, ndipo inaposhika Ifakara. Sauti ikaja na mikwaruzo yake. Mtangazaji akaongea, akacheka peke yake, akaweka wimbo.

Fidla zisizofanana na fidla. Kofi, pwaa. Ulikuwa wimbo ambao Nazari aliumaliza mwezi uliopita, na sauti iliyouimba ilikuwa ya Zubeiri.

Mzee akanyanyua kidole juu. Kidole gumba kikateleza ndani ya redio. Kimya. Kidole cha mzee kikabaki hewani pigo zima, kikashuka pale pale kinanda kiliporudi, wala hakikukosea hata kwa unywele.

"Unasikia?"

"Nasikia, baba."

"Hao ni sisi! Miwa Sound!" Uso wa mzee ulikuwa umefunguka wote, meno yake machache yote nje. "Wanatupiga, bwana wee. Miaka mingi sasa. Vijana wamezipata kanda zetu zile tulizorekodi Kidatu, wakaweka maneno yao juu. Hawana adabu, hawakuuliza mtu. Lakini wametuiba vizuri."

Nazari akaitazama redio. "Una uhakika ni zenu?"

"Mimi nisiujue mkono wangu? Hebu sikia hiyo noti inavyozama. Ni gurudumu langu bovu hilo. Mtu atauigaje ubovu? Halafu angalia jambo lingine. Nyimbo za siku hizi lazima mtu apige ukelele mwanzoni, mimi fulani, mimi fulani. Hizi hazina. Watamtaja nani wakati aliyepiga ni mimi?"

Wimbo uliendelea. Chini, kitaluni, mtu alipita na toroli, na mzee akampungia mkono akamwonyesha redio. Yule mtu akapaza sauti, "Mzee Miwa, wanakupiga tena!" Ilionekana ni jambo la kila siku.

Kisha mzee akamgeukia mwanawe.

"Wewe kule Idete ulisema nini? Hebu sema tena."

"Baba..."

"Sema. Nataka nikusikie leo."

"Nilisema muziki wa makaburini umeishia hapo."

"Makaburini. Mbele ya wakwe wa watu, mbele ya wenzangu. Mpiga besi alilia, ulijua? Nikakaa na wapishi nikijiambia, kweli, mtoto amesema kweli, tumekufa. Nikaja huku kujifukia kwenye miti." Akaigonga redio kwa kucha. "Haya, sikia sasa. Nani amekufa?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyengoja kesi yake miaka kumi na saba, hakimu akamwita mbele akampa haki. Nazari alimtazama. Lile neno lilikuwa tayari mdomoni, ni mimi, baba, ni mimi ninayezipiga, kila moja nimekupigia wewe. Lilikuwa fupi. Lingetosha pumzi moja. Na angelisema, yule mzee angeshuka kilima kile akiwa amezikwa mara ya pili, na mtu yule yule.

"Hakuna aliyekufa," akasema. "Nilikosea, baba."

"Ulikosea sana."

"Nisamehe."

"Ah!" Mzee alipunga mkono, macho yakiwa redioni. "Redio imeshakujibu. Mimi nikuongeze nini?"

Waliusikiliza wimbo mpaka mwisho. Waliposhuka, mzee aliuliza habari moja moja, mpunga, mafuriko, Brigitha ana watoto wangapi. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kidogo, "Kinanda changu kile?"

"Panya walikula nyaya zote," akasema Nazari. "Tulikitupa."

Mzee akatikisa kichwa kwa muda. "Basi ndio hivyo. Kimebaki kwenye kanda. Na wewe siku hizi unafanya kazi gani?"

"Vitu vya kompyuta."

"Vizuri. Angalia tu asije mtu akakuchomolea waya." Akacheka mwenyewe mpaka akakohoa. Odilia akatoka na sweta la mzee, akamvika Nazari bila kumwuliza.

Hakurudi naye. Hata hakumwomba, maana aliona jinsi nyumba ile ilivyokuwa na viti viwili. Treni iliposhuka bondeni na joto likaanza kuingia dirishani, Nazari aliendelea kulivaa sweta, jasho likimtoka, watu wakimwangalia.

Brigitha alimngoja mlangoni. "Umemwambia?"

"Nimemwambia nilikosea."

"Na nyimbo? Umemwambia ni zako?"

Nazari akateremsha blanketi la studio nyuma yake.

Watu wanaoufahamu mkono wake wanasema baada ya safari ile alikuwa akipiga vizuri zaidi, na kwamba ile noti ilikuwa ikizama chini zaidi ya zamani. Huenda ni masikio yao. Jambo la hakika ni kwamba hakusimama tena mlangoni kuangalia stesheni.

Mwaka elfu mbili ishirini na nne wimbo wa Zubeiri ulivuka bonde. Ulipigwa Morogoro, ukapigwa Dar es Salaam, ukachezwa na watu wasiojua Ifakara iko wapi. Studio moja kubwa ya huko ikamtaka Zubeiri, tena ikamtaka na prodyuza wake, kwa sharti dogo ambalo kwa mtu mwingine si sharti, ni zawadi. Wimbo utolewe upya ukiwa na jina la prodyuza pale mwanzoni, kwa sauti yake mwenyewe, watu wamjue.

Zubeiri alikuja na habari hiyo akikimbia, ndala moja mkononi. Aneth alikuwepo. Sasa alikuwa kidato cha nne, yuko likizo, amekaa kwenye kiti cha kweli akisoma daftari lake la historia.

"Sekunde tatu, kaka Naza! Unasema jina lako, basi, tunaondoka Mlabani!"

"Hapana."

"Unaogopa nini? Una kesi? Unadaiwa mahari?"

"Nenda Zubeiri. Nenda nao, wewe ni mwimbaji mzuri. Mimi waambie hapana."

"Bila wewe hawanichukui! Wanataka hiyo sauti!" Zubeiri alikuwa karibu kulia. "Miaka yote nakubembeleza. Mimi nilidhani unajishusha. Kumbe unaringa. Unaringa, kaka, hata sisi hututaki tupande."

Zubeiri akaivaa ndala yake, akaondoka, na mara hii hakuna aliyetegemea chapati siku ya tatu.

Nje, kwa Mzee Abdul, walikuwa wakipima kitenge na kubishana. Aneth alijifanya anasoma. Mjomba wake alikuwa ameketi mbele ya kinanda bila kukigusa, mikono magotini, na kwa mara ya kwanza Aneth aliona kwamba amezeeka.

"Aneth."

"Abee, mjomba."

"Uliwahi kuniuliza swali, ulipokuwa mdogo. Kwa nini sijitaji."

"Ukanituma chai."

"Nilikutuma chai, ndiyo." Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imebaki kidogo kufika saa sita. "Babu yako bado anapanda kilima na redio yake."